Kufunga wakati wa kaskazi: mwongozo wa Ramadhani ya joto kwa watu wa Tanga

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Ramadhani haikai msimu mmoja. Mwaka 2015 na 2016 tuliifunga Juni, kipupwe kimetamalaki, usiku mtu anatafuta shuka. Sasa imetuingia kwenye kaskazi. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 ikaangukia Februari 18 au 19 kutegemea mwandamo, na kwa hesabu ya kalenda 2027 itaanza karibu na Februari 8, 2028 mwishoni mwa Januari. Mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Yaani kwa miaka kadhaa hakuna pa kukimbilia: ni miezi ile ambayo mchana Tanga inafika nyuzi 32 au 33, na usiku joto halitaki kushuka.

Watu wakizungumzia saumu ngumu hutaja urefu wa siku. Kwetu hiyo si hoja. Tanga iko karibu na ikweta, kama digrii 5 kusini yake. Februari, alfajiri inaingia kama saa 11 na robo na jua linazama karibu na saa 12:45 jioni, jumla saa 13 na nusu hivi. Waliofunga London Juni 2016 walipitisha saa 18. Kinachotumaliza sisi ni jasho. Mtungi hupoza maji kwa sababu unatoa jasho na upepo unalikausha. Uweke chumba kisicho na hewa, siku yenye unyevu, maji yanabaki vuguvugu. Mwili nao ni hivyo hivyo. Huku mwambao hewa imeshiba unyevu, jasho linatiririka badala ya kukauka, maji yanatoka na mwili haupoi. Ndiyo maana hapa naanza na namna ya kuzuia jasho, chakula kitafuata. Mtu aliyekula daku la kifalme kisha akashinda juani kichwa wazi, kufika saa 8 mchana yuko hoi.

Hatua ya 1: Shaabani, kabla ya kuvunja jungu

Mwenye maradhi ya kudumu aende zahanati wiki mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, asingoje saumu ya tatu imwangushe. Maswali ya kumuuliza mganga ni mawili: je, nifunge? Na kama nafunga, dawa zangu nizipange vipi? Dawa ya mara tatu kwa siku huenda ikabadilishwa kuwa ya mara moja au mbili, lakini usijipangie mwenyewe. Wenye presha wanaotumia vidonge vya kukojoza wawe macho zaidi, maana vidonge hivyo vinatoa maji yale yale ambayo jasho nalo linayatoa.

Mwenye kisukari aliyeruhusiwa kufunga awe na kipimo nyumbani. Kujitoboa kidole hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 (au 70 kwa vipimo vya miligramu), au ikipanda juu ya 16.6 (yaani 300), anafungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana. Mwenye selimundu jambo lake ni zito zaidi: maji yakipungua mwilini, chembe za damu hujipinda na maumivu huanza. Saumu yake ya joto iamuliwe na daktari, isiamuliwe na ushujaa. Vivyo hivyo wenye figo, na mama mjamzito au anayenyonyesha anayeona maziwa yanapungua au mtoto hachezi tumboni kama kawaida.

Wote hao wana ruhusa iliyo wazi katika sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Inasikitisha kuona mzee anajificha asionekane na dawa, kana kwamba ruhusa ile imetolewa kwa watu wengine.

La pili la kufanya Shaabani ni kahawa. Tanga jioni bila kahawa chungu na kashata barazani haijawa jioni, na asubuhi bila chai ya rangi haijawa asubuhi. Ukikata ghafla, kichwa kitakuuma siku tatu nne za mwanzo, nawe utasema ni joto. Anza wiki moja kabla: punguza kikombe kimoja, kisha kingine, na vya asubuhi viondoke kwanza. Mvuta sigara naye afanye hivyo hivyo, tena yeye amepata sababu nzuri ya kuacha kabisa.

Hatua ya 2: Ipoze nyumba

Bati linachemka tangu saa 4 asubuhi na kuendelea kutema joto mpaka usiku wa manane. Kama uwezo upo, dari ni msaada mkubwa. Hata la mbao nyepesi au makuti yaliyosukwa huzuia joto lisikushukie kichwani. Kama haupo, cheza na madirisha. Asubuhi funga mapazia ya upande wa mashariki, mchana hamia magharibi. Jua likishazama fungua kila kitu, upepo wa kaskazi upite kutoka dirisha moja kwenda jingine. Feni ya mezani iweke ielekee kwenye mlango au dirisha isukume joto nje kwa dakika kadhaa, kisha igeuze ikupulizie. Ukijifunika khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, mbele ya feni, utalala usingizi wa mtoto. Umeme ukikatika, mkeka barazani na chandarua juu; chandarua usikisahau, mbu wa kaskazi hawafungi.

Hatua ya 3: Daku

Wapiga ngoma ya daku wakipita saa 8 usiku, washukuru, geuka upande wa pili ulale. Kuchelewesha daku ni sunna, na kwa mtu wa joto ni dawa pia. Amka saa 10 hivi, kula kwa utulivu, malizia maji muda mfupi kabla ya adhana. Anayekula saa 6 za usiku na kulala moja kwa moja anajiongezea saa tano za kiu bila thawabu yoyote ya ziada.

Cha kula? Chakula kinachokaa tumboni na kisichodai maji. Maharage au kunde, wali kiasi, mayai, uji wa ulezi, viazi vitamu vya kuchemsha, mtindi, na tunda lenye maji kama tikiti au tango. Adui wa daku namjua kwa jina: ni ng'onda na papa mkavu. Mchuzi wa papa wa nazi ni mtamu, sibishi, ila chumvi yake itakudai kuanzia saa 3 asubuhi. Achari na pilipili viende huko huko. Kiporo cha sambusa na bajia za jioni nacho kitakuletea kiungulia, na kiungulia bila maji ni adhabu.

Maji ya daku ni bilauri mbili, tatu zikizidi. Kuna watu wanaoshindilia chupa nzima dakika tano kabla ya adhana, wakidhani wanajaza tangi. Figo hazina tangi. Maji mengi kwa mkupuo hayakai, mengi yanatoka upesi kwenye mkojo.

Hatua ya 4: Mchana

Kazi nzito ifanywe kabla ya saa 4 asubuhi. Baada ya Alfajiri jua bado halijapanda, mwili bado una maji ya daku: huo ndio wakati wa kulima, kufua, kwenda soko la Mgandini, kubeba. Anayelala kutoka Alfajiri mpaka saa 4 kisha akatoka kufanya kazi amekula bora akabakiza bovu.

Kwa anayeajiriwa, zungumza na msimamizi mapema. Mara nyingi inawezekana kuingia saa 12 na kutoka saa 8, au kubadilishana zamu na mwenzako asiyefunga, nawe utamlipa siku ya Krismasi. Bodaboda apange safari ndefu asubuhi, na mchana apaki chini ya mwembe. Koti zito la upepo aliache kwa saa hizi. Shati la pamba la mikono mirefu linatosha kukinga jua. Fulana ya nailoni inanasa kwenye ngozi na haipitishi hewa. Kina mama wa buibui, chagueni kitambaa chepesi kinachopwaya, na ndani msivae nguo tatu. Mwavuli si wa mvua peke yake.

Kati ya saa 6 na saa 10, kaa kivulini ukiweza. Ukiwa na nafasi, baada ya Adhuhuri jinyooshe dakika 20 au 30. Usipitishe saa nzima, utaamka kichwa kizito kama uliyepigwa.

Kisha maji ya nje. Hili watu wanaliogopa bila sababu. Kuoga hakubatilishi saumu. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alionekana akijimwagia maji kichwani naye amefunga, kwa sababu ya kiu au joto. Basi jimwagie. Lowesha mikono mpaka viwiko, shingo na miguu. Damu inapita karibu na ngozi sehemu hizo na inapoa upesi. Leso iliyolowa iwekwe shingoni. Kusukutua kunaruhusiwa, ila usizidishe kupandisha maji puani, na usimeze. Wakati mzuri wa kuoga ni saa 9 au 10, kabla au baada ya Alasiri, pale nguvu zinapokatika kabisa.

Anayefanya kazi ambayo haina kivuli wala zamu, kama kuli wa sokoni, mvuvi, mkata mkonge, asijihukumu mapema. Kwa mafundisho ya wanachuoni wa Kishafi, ambao ndio wengi wetu pwani, anatia nia usiku na kuamka amefunga kama wengine. Mashaka yakimzidi mchana mpaka akahofia madhara, anafungua na kulipa baadaye. Asiache saumu tangu usiku kwa kudhani tu, wala asing'ang'anie mpaka aanguke. Kwa kesi yako mwenyewe muulize sheikh wa msikiti wako.

Hatua ya 5: Jikoni, palipo na joto kuliko yote

Mahubiri mengi ya saumu na joto huwalenga wanaume walioko juani. Lakini nenda uani nyumba yoyote ya Ngamiani saa 11 jioni. Mama ameinama juu ya majiko mawili ya mkaa, moja la mihogo ya nazi, jingine la mafuta ya kaimati, uso umelowa, pembeni mwanawe anasukuma chapati karibu na chuma cha moto. Hiyo ni saa ya kumi na mbili ya saumu, mwili umebakiwa na maji machache kuliko wakati wowote wa siku, na ndiyo saa tunayompa kazi ya moto mkali. Kama nyumba yako ina nafasi ya kubadilisha jambo moja tu, badilisha hili.

Kazi igawanywe kwenye saa za siku. Kunde, maharage na mbaazi zilowekwe usiku na kuchemshwa baada ya daku au mapema asubuhi. Mihogo, magimbi na ndizi mbichi vimenywe asubuhi na kuachwa ndani ya maji visiwe vyeusi. Sambusa na katlesi zifungwe asubuhi, zikae kwenye friji kama ipo. Kama haipo, acha nyama, fanya za viazi, na tena zikaangwe siku hiyo hiyo. Unga wa chapati ukandwe asubuhi, usukumwe chumbani penye feni. Kitu kimoja tu kisitangulizwe: nazi. Tui linachacha upesi katika joto hili. Nazi ikunwe jioni, na anayekaa juu ya mbuzi awe baba au kijana wa kiume, ambaye saa hiyo kwa kawaida yuko barazani akiangalia saa.

Jiko litolewe nje, kivulini, na mpishi akae upande upepo unakotoka, ili moshi na mvuke viende mbele yake. Kwenye kona ya ukuta joto linarudi usoni. Ndoo ya maji na kitambaa viwe karibu, ajipanguse kila baada ya muda. Kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema kunaruhusiwa kwa mwenye haja.

Na punguzeni vyakula. Mkeka wa futari wenye vitu tisa unapendeza kwa macho, lakini saba kati ya hivyo huliwa daku vikiwa baridi au hutupwa. Uji, futari moja ya nazi, samaki, tunda. Vya kukaanga viwe vya Ijumaa au siku ya wageni. Jirani akileta kaimati, tena, nani atamkatalia?

Hatua ya 6: Kufuturu na maji ya usiku

Adhana ikilia, usicheleweshe. Tende tatu, bilauri moja au mbili za maji ya kawaida au ya mtungi, unywe kidogo kidogo. Maji ya barafu yanayouma meno, tumboni mtupu, huwapa wengi msokoto. Uji mwepesi wa pilipili manga unafuata vizuri hapa, nao ni maji pia. Swali Magharibi, kisha rudi kwenye chakula. Kipindi hicho kifupi kinalipatia tumbo nafasi, na utajikuta unakula nusu ya uliyoyapanga.

Mpaka alfajiri una zaidi ya saa 10, na unahitaji lita 2 mpaka 2 na nusu, yaani bilauri 8 hadi 10. Njia rahisi ni kujaza chupa ya lita moja na nusu kila jioni na kutembea nayo: barazani, msikitini kwenye tarawehe, kando ya kitanda. Ikiisha kabla ya kulala, na bilauri mbili za daku zikaongezwa, umefika. Mzee asingoje kiu, kwani hisia ya kiu hupungua na umri. Mjukuu ampelekee bilauri bila kumuuliza.

Dafu ni zuri, hasa kwa aliyeshinda akitoa jasho. Lakini dafu, tende na ndizi zina potasiamu nyingi, na mwenye figo mbovu aulize kwanza. Ukwaju, ubuyu na pasheni tengeneza nyumbani, sukari kidogo. Sharubati iliyotiwa sukari mpaka inanata inazidisha kiu. Juisi ya barabarani, uliza barafu imetoka wapi. Barafu ya maji yasiyochemshwa huleta kuhara, na kuhara kunapoteza maji mengi kwa usiku mmoja.

Aliyefanya kazi ngumu juani anaweza kunywa pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) iliyochanganywa na lita 1 ya maji safi, kidogo kidogo usiku. Ukiikosa, lita 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Aliyekaa ofisini haihitaji, na mwenye presha asiifanye kinywaji cha kila siku.

Kahawa ya baraza baada ya tarawehe, kikombe kimoja. Vitatu vitakulaza saa 8, na usingizi mdogo ukichanganyika na joto ndiyo unaowaangusha watu katika kumi la mwisho.

Hatua ya 7: Kujua wakati wa kufungua

Angalia mkojo. Ukiwa wa njano hafifu, unakwenda vizuri. Ukiwa mzito rangi ya chai, usiku uongeze maji. Kichwa kuuma, kizunguzungu ukisimama, misuli kukaza, kichefuchefu na jasho jingi: ingia kivulini, lala, inua miguu, jimwagie maji. Kusipotulia ndani ya nusu saa hivi, fungua. Utailipa.

Lakini mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akapepesuka, akatetemeka au akazimia, na ngozi yake inawaka, hapo hakuna kungoja nusu saa. Joto limeshinda ubongo. Mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, mweke vitambaa vya baridi shingoni, makwapani na kwenye kinena, huku mwingine anatafuta usafiri wa kumpeleka hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu. Aliye na fahamu apewe maji anywe. Asiye na fahamu usimtie kitu mdomoni. Panadol haishushi joto la namna hii.

Na homa isichukuliwe kuwa ni saumu. Pwani tuna malaria. Mwili ukichemka usiku, baada ya kula na kunywa, nenda ukapime.

Watoto wanaojifunza kufunga nusu siku wasiachwe kucheza mpira saa 8 mchana kuonyeshana nani mwanaume. Wakifungua saa 6 wamefunga vya kutosha.

Kulipa

Siku zilizokupita kwa ugonjwa, safari, hedhi au joto, zilipe Juni na Julai. Kusi linavuma, mchana ni mfupi kwa karibu nusu saa kuliko Februari, na kiu hutaisikia sana. Mzee au mgonjwa asiyetarajia kupona anatoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku, hana haja ya kungoja nguvu ambazo hazirudi. Anayeweza kulipa asivute mpaka Shaabani: kwa Kishafi, aliyechelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine ikaingia, analipa siku zake na juu yake anatoa kibaba kwa kila siku.